Kompyuta Uliyoijenga Mwenyewe na Namna ya Kuishi Nayo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine zinazoitumia hazikuzimika siku hiyo, ila viraka vya usalama vilikoma kwa asiyejiandikisha katika mpango wa nyongeza. Nyingi kati yake haziwezi kupanda Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Za nyuma ya hapo ndizo hasa tunazozinunua: ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizomaliza kazi katika ofisi za ng'ambo, zikaja kupangwa madukani Kariakoo na barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Ni mashine nzima. Kibodi zake ni imara kuliko za kompyuta nyingi mpya za bei ya chini, vipuri vinapatikana, na mafundi wa mtaani wamezoea kuzifungua.

Makala hii ni ya yule aliyeamua kuipa mashine ya namna hiyo Linux, na hataki ile inayokuja imejaa kila kitu. Anataka aanze na mfumo mtupu, skrini nyeusi yenye maandishi, aongeze kipande kimoja kimoja mpaka apate kompyuta inayomtosha. Maelezo ya kusakinisha yapo tele. Yaliyo haba ni maelezo ya maisha ya baada ya hapo, mwezi wa tatu na mwaka wa pili, wakati shauku ya kujenga imepoa na mtu anataka tu amalize ripoti yake akalale.

Msimamo wangu ni huu: wepesi hautokani na jina la mfumo uliopakua. Unatokana na mwenye mashine kujua kilichomo ndani yake na kwa nini kipo. Siku utakapoacha kujua, utabaki na mfumo uliojazana kama mingine yote, ila huu hauna kampuni wala timu iliyokupangia mambo. Kwa hiyo karibu ushauri wote ninaoutoa hapa unahusu namna ya kuendelea kujua.

Chagua kwa kuliangalia bando lako

Wengi wanaotaka kujijengea huelekezwa kwenye Arch Linux, iliyoanzishwa na Judd Vinet wa Kanada mwaka 2002. Naiheshimu. Maktaba yake ya maelezo ni hazina, na utaisoma hata ukiwa na mfumo mwingine. Lakini Arch haina matoleo. Inasonga mfululizo, na mwenye nayo anatakiwa asonge nayo. Huwezi kuleta programu moja mpya huku sehemu nyingine za mfumo umeziacha nyuma kwa miezi. Watunzaji wake wanasema wazi kwamba hawaungi mkono kusasisha nusunusu. Mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo hataona taabu. Anayenunua GB zake kwa wiki atakuta masasisho ya mamia ya MB, tena ya mara kwa mara, yanamla kuliko kazi yenyewe.

Ndiyo maana kwa wasomaji wengi wa huku kwetu napendekeza Debian tupu. Mradi huu ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hutoa toleo thabiti kila baada ya miaka miwili hivi. Kati ya toleo na toleo, yanayoingia ni marekebisho ya usalama na ya kasoro nzito, basi. Debian 13, yenye jina la utani trixie, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, na kila toleo hutunzwa kwa jumla ya miaka 5 ukihesabu na kipindi cha huduma ndefu. Faili la kusakinishia kupitia mtandao halifiki GB 1. Ukikaa wiki kadhaa bila kusasisha kwa kukosa bando, jambo ambalo silishauri, siku utakayorudi utaukuta mfumo uko palepale unakusubiri.

Kama mashine ni kongwe kiasi cha kuwa ya biti 32, Debian 13 haina tena kisakinishi chake. Hapo angalia antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12 na yenye toleo la biti 32. Puppy Linux ya Barry Kauler, Mwaustralia aliyeianzisha mwaka 2003, hupakiwa yote ndani ya RAM. Ni nzuri kuwa nayo kwenye flashi ya kuokolea mafaili ya mashine iliyogoma kuwaka, lakini kwa desturi yake mtumiaji huingia akiwa msimamizi mkuu mwenye ruhusa zote, na sipendi mtu aingie hivyo kila siku kwenye intaneti.

Na wapo wasiopaswa kuanza kabisa. Kama mkate wako unategemea programu ya uhasibu inayoendeshwa kwenye Windows pekee, au mafaili ya Excel yenye makro nzito, au Photoshop, usijipe matumaini kwamba utaziendesha kwa Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, na mambo yatakwenda. Huenda yakaenda leo, yakagoma siku ya kufunga hesabu. Tenga mashine nyingine kwa kazi hiyo.

Siku ya kusakinisha

Mambo matatu tu, kwa kuwa mengine utayasoma kwingine.

Kisakinishi kitakuuliza nenosiri la msimamizi mkuu. Liache tupu. Ukiliacha tupu, Debian humpa mtumiaji wa kwanza, yaani wewe, uwezo wa kutumia amri ya sudo. Ukilijaza, kesho yake utaandika sudo na kuambiwa huna ruhusa kwenye mashine uliyoinunua kwa pesa yako.

Mbele kidogo itakuja orodha ya mazingira ya mezani: GNOME, Xfce, KDE na wenzake. Ondoa alama zote, bakisha ile ya zana za kawaida za mfumo. Hapo ndipo unapokuwa mjenzi.

La tatu ni wifi, na limewakatisha tamaa wengi. Unaposakinisha bila mazingira ya mezani, taarifa za wifi huandikwa katika faili la /etc/network/interfaces. Baadaye ukiweka NetworkManager ili upate namna rahisi ya kuchagua mitandao, huikuta kadi imeshatajwa pale, na huiacha ikidhani ina mwenyewe. Utatazama orodha tupu ya mitandao huku simu yako inaiona yote ya mtaa. Fungua faili hilo, weka alama ya # mwanzoni mwa mistari inayoitaja kadi ya wifi, washa upya. Na kama wakati wa kusakinisha kadi haikutambulika kabisa, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe huduma ya kugawa intaneti; mara nyingi Linux huiona simu hiyo kama kadi ya mtandao ya kawaida, bila draiva ya ziada.

Baada ya hapo weka Xorg, LightDM ya kuingilia, na kidhibiti cha madirisha. Wapenzi wa kibodi watakusifia i3 au dwm. Mimi nasema anza na IceWM. Imekuwepo tangu 1997, inakula kumbukumbu kidogo sana, na ina mwambaa wa chini, menyu na saa mahali ambapo macho yako yamezoea kuvikuta. Mtoto, mke, mume au mgeni akiikalia mashine yako ataweza kuitumia bila kufundishwa. Kompyuta ya nyumbani isiyotumika na mtu mwingine zaidi ya aliyeijenga ina kasoro, hata iwe na kasi gani.

Vitu vidogo ambavyo hukujua kwamba ni vitu

Katika mifumo mikubwa kuna mambo yanayotendeka bila mtu kuyafikiria. Kwenye mfumo uliojijengea, hayatendeki mpaka umeyaweka. Utayagundua moja moja, na mara nyingi wakati mbaya, kwa hiyo ni bora uyapitie mapema.

Betri ndiyo ya kwanza. Mfumo mtupu hauna kazi ya kukuonya kwamba chaji inakwisha. Skrini itakuwa angavu, kisha itakuwa nyeusi. Umeme unapokatika jioni unaandika, hutajua umebakiza dakika ngapi. Weka cbatticon, programu ndogo inayokaa kwenye mwambaa na kutoa onyo kwa kiwango utakachochagua. Ili onyo lenyewe lionekane, weka na dunst, ambayo ndiyo huonyesha taarifa kwenye skrini.

Kufunga skrini ni la pili, na hili ni la usalama. Ukifunika kompyuta mpakato, Debian huilaza kwa utaratibu wake wa kawaida. Ukiifunua, kama hukuweka kufuli, inaamka na kila kitu kikiwa wazi kama ulivyokiacha: barua pepe, mafaili, mazungumzo. Mashine inayobebwa kwenye daladala au matatu haipaswi kuwa hivyo. Weka i3lock pamoja na xss-lock, uhakikishe vinaanza kila unapoingia.

Kisha flashi. Utaichomeka na hakuna kitakachotokea. Meneja wa mafaili kama Thunar huhitaji vifurushi vya gvfs na thunar-volman ili aione na kuifungua, na gvfs-backends ili aweze kusoma simu ya Android kwa waya. Ukishaviweka, utapata faida ambayo wenye Windows hawana. Vile virusi vinavyozunguka kwenye flashi za vyuoni na steshenari, vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale, havina nguvu hapa. Utaona mafaili yaliyofichwa yako pale pale, utayanakili, utafuta takataka. Jiandae kuombwa kazi hiyo na watu wengi. Ila kumbuka kuwa flashi uliyoisafisha itarudi kwenye mashine ya Windows, kwa hiyo futa kweli, usiache alama za virusi kwa kuwa wewe havikudhuru.

Kuna projekta. Mwalimu, mhubiri, mwanafunzi anayetetea utafiti wake: wote hawa siku moja watasimama mbele ya watu, wachomeke waya, wabonyeze kitufe cha skrini ya pili, na ukuta ubaki mtupu. Kwenye IceWM kitufe hicho hakijapewa kazi. Weka arandr, inayokuonyesha skrini kama vibao vya kuburuta, na uijaribu nyumbani kwa televisheni ukiwa na utulivu. Ukishapata mpangilio unaoutaka, uhifadhi. Arandr huuandika kama hati fupi ya amri. Kisha uipe hati hiyo kitufe katika faili la keys lililomo kwenye folda ya .icewm. Vitufe vya sauti na mwanga hupewa kazi mahali hapohapo, mwanga kwa brightnessctl na sauti kwa wpctl, baada ya kuweka kifurushi cha pipewire-audio.

Na fonti. Ukifungua WhatsApp kwenye kivinjari utaona vijisanduku mahali pa vikatuni vya kucheka na kulia, mpaka uweke fonts-noto-color-emoji. La maana zaidi ni nyaraka. Ripoti iliyoandikwa ofisini kwa Calibri ikifunguliwa kwenye LibreOffice isiyo na fonti hiyo hubadilika urefu, jedwali linavuka ukurasa, na yaliyomo hayalingani tena na namba za kurasa. Dawa ipo na ni ndogo: fonti ya Carlito imetengenezwa iwe na vipimo sawasawa na vya Calibri, Caladea na vya Cambria, na zile za Liberation na vya Times New Roman na Arial. Ziweke kabla ya kuweka LibreOffice. Na LibreOffice yenyewe usiiweke yote. Debian hukuruhusu kuchukua Writer na Calc peke yake. Tasnifu ya mwisho, hata hivyo, ipeleke kwa msimamizi ikiwa PDF.

Menyu inayosema Kiswahili

Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya kujijengea, na inasikitisha kwamba huzungumzwa mara chache.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini kutafsiri programu kubwa ni kazi isiyokwisha: kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyotunzwa huachwa nyuma. Mtu mmoja nyumbani hawezi kuibeba.

Menyu ya IceWM anaweza. Yote ni faili moja la maandishi, linaloitwa menu, ndani ya folda ya .icewm. Kila mstari una jina la kitu, picha yake, na amri ya kukifungua:

prog "Kivinjari" firefox-esr firefox-esr
prog "Kuandika barua" libreoffice-writer libreoffice --writer
prog "Mafaili yangu" thunar thunar
separator
prog "Zima kompyuta" - systemctl poweroff

Umemaliza. Ukilihifadhi na kuianzisha IceWM upya, mashine inaongea lugha ya nyumbani kwa mambo yale ambayo mtu huyafanya kila siku. Kwa bibi anayetaka kuona picha za wajukuu, andika "Picha za wajukuu" na uielekeze kwenye folda yake. Kwa maktaba ya shule, andika majina ya masomo. Kwa duka, andika "Daftari la wadeni" na ulifungulie jedwali lenyewe moja kwa moja. Ndani ya programu maneno ya Kiingereza yatabaki, lakini mtu ambaye alikuwa akiogopa hata kugusa sasa ana mahali pa kuanzia. Nimeona wazee wakijifunza haraka kwenye menyu ya vitu vitano vyenye majina wanayoyaelewa, baada ya kushindwa kwenye menyu ya vitu sitini.

Menyu fupi inakusaidia na wewe. Kila unapotaka kuongeza programu, jiulize kama inastahili mstari. Isiyostahili mstari huenda haistahili diski pia.

Mzigo halisi ni kivinjari

Niseme kweli kuhusu jambo ambalo wapenzi wa mifumo myepesi hulipita haraka. Debian yenye IceWM ikiwaka na kutulia hutumia mamia machache tu ya MB za kumbukumbu. Fungua Firefox, ingia kwenye barua pepe, WhatsApp na kurasa mbili za magazeti yenye matangazo, na hesabu yote inabadilika. Tovuti za leo ni nzito, na hakuna kidhibiti cha madirisha kinachoweza kuzipunguza uzito. Mwenye RAM ya GB 2 atapata nafuu, lakini atakuwa anaishi kwa kufunga vichupo.

Pesa ya kwanza, basi, iende kwenye vifaa. Kama mashine bado ina diski ya sahani inayozunguka, ibadilishe iwe SSD ya SATA, hata ndogo. Hakuna mpangilio wowote wa programu utakaokupa tofauti kama hiyo. Pesa ya pili iende kwenye RAM, kufikia GB 8 kama ubao unakubali; za DDR3 zilizotumika hupatikana kwa bei nafuu.

Upande wa programu, weka uBlock Origin ndani ya Firefox. Inazuia matangazo, na kwa hiyo inaokoa kumbukumbu, chaji na bando kwa pamoja. Weka zram-tools, inayobana sehemu ya kumbukumbu ili iingie zaidi. Kwenye faili la /etc/default/zramswap kuna mahali pa kusema asilimia ngapi, na 50 ni mwanzo mzuri. Kisha weka earlyoom. Bila hiyo, kumbukumbu ikijaa mashine huganda, kipanya hakisogei, na mtu huishia kukandamiza kitufe cha umeme na kupoteza kazi. Ikiwepo, huua programu iliyozidi kula kabla mambo hayajafika huko. Kupoteza kichupo kunauma kidogo. Kupoteza waraka mzima kunauma sana.

Na unapopima kwa amri ya free -h, tazama safu ya available. Ile ya free itakuwa ndogo siku zote, kwa sababu Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara inapohitajika. Watu wamefuta programu nzuri kwa kuogopa namba isiyo na ubaya.

Masasisho, saa na mambo ya kila wiki

Kabla ya kupakua masasisho, apt, programu ya Debian ya kuleta vifurushi, hukuambia ukubwa wake na kusubiri jibu lako. Soma namba hiyo. Ikiwa kubwa na bando ni dogo, jibu hapana na usubiri kifurushi cha usiku au wifi ya kazini. Kuna njia nzuri zaidi: ukiwa kwenye wifi, toa amri ya sudo apt-get upgrade -d, nayo itapakua bila kusakinisha, nyumbani utasakinisha bila intaneti. Jambo jingine ambalo vikundi vya wanafunzi wangefaidi: apt-get huhifadhi vifurushi ilivyopakua ndani ya /var/cache/apt/archives, wakati apt huvifuta baada ya kusakinisha. Mmoja akipakua kwa apt-get, wenzake wenye toleo lilelile la Debian wananakili mafaili hayo kwa flashi hadi kwenye folda hiyohiyo ya mashine zao. Kila mmoja atahitaji kuchukua orodha ndogo ya apt update, lakini mzigo mkubwa umeshafika.

Unapoongeza programu mpya, jaribu kwanza na --no-install-recommends. Debian hupenda kukuletea marafiki wa programu uliyoiomba, na wakati mwingine marafiki ni wengi kuliko mgeni mwenyewe. Ila usiifanye iwe sheria ya kudumu kama bado unajifunza. Baadhi ya hao waliopendekezwa ndio wanaofanya kitu kifanye kazi, na utatumia jioni nzima kutafuta kwa nini printa haichapi.

Ukiwa umegawa diski kati ya Windows na Linux, utashangaa saa ikiruka kwa saa tatu kila unapohama. Windows huichukulia saa ya ubao kuwa ya hapa tulipo, Linux huichukulia kuwa ya kimataifa, na sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huzipatanisha. Kama saa inarudi nyuma miaka kila unapozima, hilo ni jambo jingine: betri ndogo ya ubao imekufa. Ibadilishwe, kwa sababu mashine yenye tarehe ya zamani hukataliwa na tovuti salama, na apt yenyewe itagoma ikidai orodha ya vifurushi haijaanza kuwa halali.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mfumo uliojijengea ni mali. Jenga kama watu wengi wanavyojenga nyumba zao huku, chumba kimoja kwa wakati, lakini andika ulipopitisha mabomba. Daftari la karatasi linafaa kuliko yote, kwa kuwa litasomeka siku mashine isipowaka. Tarehe, kifurushi ulichoweka, faili ulilobadilisha, na sababu. Sababu ndiyo muhimu. Baada ya mwaka utakuta mstari wa ajabu ndani ya faili fulani, hutakumbuka ulitatua nini, na utauacha kwa woga. Woga wa kugusa mashine yako mwenyewe ni dalili kwamba umeacha kuijua.

Mashine inaweza kukusaidia. Amri ya apt-mark showmanual huorodhesha ulivyoviomba wewe, tofauti na vilivyokuja kama tegemezi. Ipitie kila baada ya miezi michache na uondoe usivyovitumia. Faili la /var/log/apt/history.log lina kumbukumbu za karibuni za kilichoingia na kutoka. Na etckeeper huhifadhi historia ya folda nzima ya /etc, kiasi kwamba unaweza kuona ulibadilisha nini wiki iliyopita na kukirudisha.

Nakala za mafaili yako ni habari tofauti. Diski ya nje, amri ya rsync ya kunakilia, siku moja ya wiki iliyopangwa. Nakili folda yako yote ya nyumbani pamoja na zile zilizofichwa zinazoanza na nukta, maana humo ndimo mna menyu, vitufe na mipangilio yote uliyoihangaikia. Ukiwa na folda hiyo na orodha ya vifurushi, diski ikifa leo, kesho jioni una kompyuta ileile kwenye diski nyingine.

Kitu kikiharibika, soma kwanza alichosema mfumo wenyewe. Amri ya journalctl -b -p err huonyesha makosa ya tangu mashine ilipowaka. Chukua sentensi hiyo kama ilivyo uitafute, au umpelekee unayemwomba msaada, pamoja na toleo la mfumo na ulichobadilisha mwisho. Swali la "haifanyi kazi, nisaidieni" halina jibu. Na usinakili amri yenye sudo usiyoielewa, iwe imetoka kwa rafiki au kwa programu ya akili mnemba. Soma maelezo ya amri hiyo kwa man kabla ya kubonyeza. Nyingi huchukua dakika mbili kuelewa.

Toleo likibadilika

Baada ya miaka miwili hivi Debian italeta toleo jipya, na toleo lako litaendelea kupata huduma ya kawaida kwa mwaka mmoja hivi kabla ya kuingia katika kipindi cha huduma ndefu. Huna haja ya kuhama siku hiyo. Subiri miezi michache, wengine wakutane na kasoro za mwanzo. Wakati ukifika, soma maelezo rasmi ya toleo, hasa sura inayohusu matatizo yanayojulikana. Sasisha kwanza toleo ulilonalo mpaka mwisho. Chukua nakala ya folda yako ya nyumbani. Ondoa vifurushi vilivyotoka nje ya hazina za Debian, maana hivyo ndivyo husababisha migongano mingi. Badilisha jina la toleo katika orodha ya vyanzo, toa apt update, kisha apt upgrade, halafu apt full-upgrade, huku chaja imechomekwa na bando likiwa la kutosha: kwa mfumo mdogo kama wako, upakuaji ni mdogo kuliko wa jirani mwenye GNOME, lakini bado utahesabika kwa mamia ya MB au zaidi.

Fanya hivyo Ijumaa jioni, wiki isiyo na mtihani wala mwisho wa mwezi, na mashine nyingine au simu iwe karibu ya kusomea maelekezo. Utaulizwa kuhusu mafaili ya mipangilio uliyoyabadilisha, moja moja: ubakishe lako au uchukue jipya. Lifungue daftari na ujibu kwa kila faili kulingana na ulichoandika.